Sehemu ya Mvua

4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na kabla sijamaliza chai Kaka alishafika na gunia la matambara kuziba banda. Ndivyo tulivyo. Mvua ikipiga, tunaziba. Baba alikuwa seremala wa milango na madirisha, na banda la kondoo alilijenga kama kabati la bibi harusi: mbao zimeumana, hata unyasi haupenyi. Pale ambapo ubao umejikunja kwa uzee tunasokomeza tambara. Halafu tunakaa kungojea wana-kondoo wafe.

Maana wanakufa, kila masika. Na nyumbani kwetu hakuna anayeuliza kwa nini, kwa sababu jibu lipo tangu enzi za Bibi: mvua ina sehemu yake. Baba alilisema hilo miaka yote, na Kaka analisema huku akichimba shimo.

Tangu Baba apate kiharusi nikarudi nyumbani, kondoo nawatunza mimi. Kaka anataka wauzwe, banda libomolewe, tujenge vyumba vya kupangisha. Jana jioni Baba, ambaye siku hizi maneno yanamtoka machache na kwa shida, alitoa hukumu yake: tuingoje mvua hii moja. Ikichukua sehemu yake kama kawaida, kundi liuzwe. Isipochukua, kundi libaki kwangu. Kaka alikubali haraka, kama mtu anayebeti kwamba jua litachomoza.

Naandika ili mtu asije akanigeuzia maneno baadaye. Mwaka huu mvua haipati kitu.

5 Machi

Mvua. Wote wamekula.

8 Machi

Mvua. Wifi, mke wa Kaka, amesimama mlangoni mikono kiunoni, akinitazama ninavyofagia banda. Ameniuliza kama nimeamua kuolewa na kondoo. Nimemwambia angalau kondoo hawaji na maswali. Amecheka, lakini najua kicheko chake kinapelekwa wapi. Yule akiona nzi, kwa Kaka anafika tembo.

11 Machi

Leo nimejifunza kitu ambacho nimekuwa nikikipita kila siku.

Mwana-kondoo mmoja alijibana chini ya hori, nikapiga magoti kumtoa. Macho yakaniwaka kama nimemenya kitunguu. Nikasimama, pakawa shwari. Nikapiga magoti tena, moto uleule, harufu ya mkojo uliolala juu ya maranda mabichi ya mbao tunayowatandikia, kali hadi kooni. Sasa mimi muda wote nimekuwa navuta hewa ya juu, na wao pua zao ziko chini huku, usiku kucha, mlango umefungwa, matambara kila mahali.

Nimemwita Kaka. Amesimama mlangoni, amevuta pumzi moja ndefu ya kitajiri, akasema yeye hasikii harufu yoyote zaidi ya kondoo.

"Piga magoti," nimemwambia.

Ameangalia suruali yake, akaangalia sakafu, akaondoka.

13 Machi

Wana-kondoo wawili wanapiga chafya. Kaka kasema ni baridi, tuongeze matambara. Nimeyaficha.

15 Machi

Amekuja daktari wa mifugo. Ni mwanamke mpole, amevaa gambuti zinazomzidi. Niliogopa ataniona mjinga kwa habari ya kupiga magoti. Yeye mwenyewe, jambo la kwanza baada ya salamu, amechuchumaa chini, akanusa, akatikisa kichwa.

Nimemuuliza maswali kama mwendesha mashtaka, naye amejibu yote. Anasema kondoo ni bingwa wa kuficha ugonjwa. Porini aliyeonekana dhaifu ndiye aliyeliwa, basi hadi leo anakula, anacheua, anakutazama usoni, na mapafu yameshaoza nusu. Ukisikia kikohozi, hiyo ni habari ya mwisho, si ya kwanza. Habari ya kwanza iko puani na ubavuni: matundu ya pua yanayotanuka akiwa amesimama tu, ubavu unaopanda na kushuka kwa nguvu hata baada ya wenzake kutulia. Na ipo kwenye mwendo. Amenionyesha mteremko nyuma ya nyumba, tunapowapandisha malishoni kila asubuhi.

"Usiwafuate nyuma, dada," ameniambia. "Tangulia juu uwasubiri. Tazama nani anafika mwisho, na anafika mwisho siku ngapi mfululizo."

Wale wenye chafya amewachoma sindano, akaniambia niwatenge. Kuhusu banda hakunizungusha. Baridi kondoo anaiweza, koti analo. Asiloliweza ni hewa iliyokwishapumuliwa. Panatakiwa uwazi juu, chini ya paa, pande mbili, hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga mgongoni. Maranda yote yatolewe, waletewe nyasi kavu. Wadogo walale mbali na wakubwa.

Jioni nimeyarudia yote mbele ya Kaka na Baba. Kaka amesikiliza hadi mwisho, akanijibu kwa methali, tena ile ya Baba, aliyoiandika kwa kalamu ya useremala juu ya mlango wa karakana: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nimemwambia hapa tumeziba nyufa mpaka tumejenga kaburi. Wifi kaachia kijiko kikaanguka. Baba kafumba macho, sijui kwa uchovu au kwa sababu yangu.

17 Machi

Nimelikata.

Niandike vizuri, maana Kaka tayari ana hadithi yake na inatembea haraka kuliko mimi.

Asubuhi niliingia chumbani kwa Baba. Msumeno wake umetundikwa ukutani juu ya kitanda, haujashushwa tangu augue. Sikutaka kuiba. Nikamwambia, "Baba, naenda kukata ukuta wa banda, juu, chini ya paa. Nimekuja kuchukua msumeno." Aliniangalia kwa muda, jicho moja linatii, jingine linachelewa. Aligeuza uso upande wa pili. Nilitamani anitukane, ningejua la kufanya. Nikapanda kwenye stuli, nikaushusha.

Mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira. Nimesimama juu ya pipa, maji yanaingia kwa mikono ya gauni na kutokea chini. Mbao za Baba ni ngumu kama yeye. Kila nilipovuta, nilisikia kama nakata kitu chenye uhai, na nilikuwa nalia, sioni haya kusema, lakini mkono haukusimama. Ubao wa kwanza ulipoanguka, mvuke ulitoka bandani kama sufuria iliyofunuliwa kifuniko. Nikaona kwa macho yangu walichokuwa wanakivuta.

Kaka alinikuta kwenye ubao wa tatu. Alipiga kelele ambazo majirani wamezisikia, kwamba nimevunja nyumba ya Baba, Baba akiwa hai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema. Nikamwonyesha guu langu pale juu ya pipa, zima, lina matope tu. Aliushika msumeno upande mmoja, mimi nimeushika upande wa pili, watu wazima wawili kwenye mvua tunavutana kama watoto wenye mwanasesere. Kisha aliuachia. Alisema, taratibu sasa, "Wakifa, usinitafute nije kuchimba."

Nimekata na upande wa pili. Umekaa kombo. Sijali.

18 Machi

Baba hataki chai yangu. Wifi ndiye kampelekea.

23 Machi

Mvua. Nimetoa maranda yote. Mgongo si wangu tena.

29 Machi

Kaka ameleta jembe lake, akaliegemeza kwenye kona ya banda. Kila mwaka huliegemeza pale mwezi huu, ili liwe karibu. Jembe limekaa.

Wale wawili wa chafya wamerudi kunyonya kwa fujo. Wadogo wote wako hai. Wote. Nimepiga magoti tena kuhakikisha: pananuka kondoo, nyasi na mvua, basi.

2 Aprili

Jembe limekaa. Nyigu wanataka kujenga kwenye mpini.

6 Aprili

Leo Wifi ameniaibisha, na nimestahili.

Kila asubuhi natangulia juu ya mteremko, nasubiri kama nilivyoagizwa. Nawatazama wadogo, wale wembamba, wale wa chafya. Wifi, akiwa dirishani jikoni anachambua mchele, aliniita niliporudi. "Wifi, huyu Bi Mkubwa wenu siku hizi ana nini? Zamani alikuwa mbele kama mwenye nyumba. Sasa anapanda kama bibi harusi, hatua moja, kituo, hatua moja, kituo."

Bi Mkubwa ndiye jike wa Baba. Baba alimlea kwa chupa, akamzoesha kula magome mkononi. Ndiye mnene kuliko wote, sufu inang'aa, hajawahi kukohoa. Nilikuwa namwona anachelewa, nikajiambia ana kiburi, ana haki yake, mtu mzima. Kumbe nilikuwa natafuta mgonjwa kwa kuangalia mbavu zinazohesabika, na aliyeshiba nampita. Na Wifi, niliyemwita mpeleka habari, alikuwa anatazama vizuri kuliko mimi muda wote. Nimemuuliza ameliona hilo tangu lini. Tangu mvua ianze, kasema. Mbona hukuniambia? Akanijibu, bila ukali, kwamba sikuwahi kumuuliza kitu chochote tangu nirudi nyumbani.

Tumechambua mchele wote pamoja.

10 Aprili

Daktari amemsikiliza Bi Mkubwa kifuani kwa muda mrefu. Hana homa. Anakula. Daktari akaniambia, "Mshike kichwa, taratibu." Yeye akamshika miguu ya nyuma, akaiinua kama anavyoinua mtu mikono ya toroli, kichwa kikainama chini.

Maji yakamwagika puani. Si kamasi. Maji meupe yenye povu, yakatiririka kwenye gambuti za Daktari, yakaendelea. Nilidhani yatakoma. Wifi alikuwa ameshika ndoo, akaisogeza chini bila kuambiwa.

Daktari alimshusha haraka, akamwacha apumue. Ni uvimbe wa mapafu, kasema, unaletwa na kirusi. Unakaa ndani hata miaka bila kujulikana, kisha mapafu yanajaa maji, mnyama anazama akiwa nchi kavu. Hakuna dawa wala chanjo. Unapita kwa pumzi, na kwa maji kama haya kwenye hori moja, na unapita vizuri zaidi penye banda lililofungwa. Mama humpa mwanawe kwa maziwa. Ushauri wake ni mmoja: achinjwe upesi, tuyaone mapafu tupate uhakika. Binti zake wawili watengwe, na hori lao liwe lao. Na asiuzwe, kwa hali yoyote asiuzwe, maana huko aendako ataua kundi la mtu.

Nimemwambia Baba mimi mwenyewe. Nilipiga magoti kando ya kiti chake, tukawa sawa kwa uso. Alisikia yote. Mdomo ulicheza, neno halikutoka. Sitachinja jike wa Baba bila neno la Baba. Nimemtenga Bi Mkubwa kwenye karakana, juu yake ile methali.

12 Aprili

Kaka amempata mnunuzi. Anakuja Jumamosi. Atachukua kundi zima, na wa kwanza ambaye Kaka amemsifia kwake ni Bi Mkubwa.

Nilimkuta Kaka uani, nikamwuliza kama Wifi amemwambia kuhusu maji. Amemwambia.

"Maji hayo ameyaona nani?" alisema. "Wewe, mke wangu na Daktari. Mnunuzi hatayaona. Mnono yule, anasimama, anakula."

"Na Baba alisema tungoje mvua iishe."

"Baba alisema mvua ikichukua sehemu yake. Huyo unayetaka kumchinja ni nini? Imechukua."

Nilikuwa na jibu la kumchoma. Ila alikaa kwenye kizingiti, akaweka mikono kichwani, akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake. Kwamba mimi nilikuwa nje na kazi zangu miaka yote. Yeye ndiye alikuwa anapewa jembe, tangu akiwa mdogo kuliko hilo jembe. Kila mvua anawabeba waliokufa, kawashika miguu, bado wana joto. "Nimechoka kuzika, mdogo wangu. Sitaki vyumba. Nataka tu mwaka mmoja nisizike."

Nilidhani ni tamaa. Sikujua kuwa ni uchovu huo. Nikakaa naye pale kizingitini.

Lakini nilimwambia pia, na nitamwambia tena: hatutamuuzia mtu mwingine mashimo ya kuchimba.

14 Aprili

Mnunuzi alikuja na lori, mzee mwenye adabu, viatu vimeng'arishwa, akaviharibu kwenye matope yetu bila kulalamika. Wifi alikuwa amemtoa Baba barazani na blanketi. Kaka alimtoa Bi Mkubwa karakanani mwenyewe, amempiga brashi. Alipendeza kweli. Mnunuzi alimpapasa mgongo, akasema huyu peke yake ni kundi.

Nilijua nikisema tu, itakuwa neno langu na la Kaka, mwanamke mkaidi na kaka yake mwenye busara. Kwa hiyo sikusema. Nilimwomba mnunuzi amshike kichwa kidogo. Alidhani nataka kumwonyesha kwato. Nikainama, nikaishika miguu ya nyuma, nikaiinua.

Yakamwagikia viatu vyake.

Nilimshusha, nikamkumbatia shingo hadi pumzi ikarudi, ubavu wake unapiga kwenye ubavu wangu. Kisha nikamweleza mnunuzi kila kitu, jina la ugonjwa, binti zake waliotengwa, na kwamba wengine wanaonekana wazima lakini siwezi kuapa, wala yeye asiape. Alinisikiliza, akasema anashukuru, kundi hili hawezi kuligusa, hata mmoja. Alipofika kwenye lori aligeuka akasema ana kondoo nyumbani, na huwa wanakufa mvua zikija. Aliniuliza banda lake alifanyeje. Nilimwambia aanze kwa kupiga magoti.

Lori lilipoondoka Kaka alinigeukia. Uso ulikuwa umeiva. Alisema sasa hakuna atakayenunua kondoo kwetu tena, nimelifunga kundi shingoni mwangu kama kengele. Nilimwambia ndivyo, na ikiwezekana akaze fundo. Akamgeukia Baba, akaomba hukumu: mvua imechukua sehemu yake au haijachukua? Jike bora kuliko wote anakwenda kuchinjwa. Hiyo ni nini kama si sehemu?

Baba alihangaika sana. Wifi alimfuta mdomo, akamngoja. Sote tulingoja.

"Si mvua," alisema Baba. Akapumzika. "Banda."

Kisha akatuonyesha mkono wake mzima, ule uliojenga, kwanza kwangu, kisha kwa Kaka, kama mtu anayeonyesha kidonda. Kaka alikwenda akaushika. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama nilivyompenda pale.

15 Aprili

Bi Mkubwa amechinjwa, Baba amekubali kwa kichwa. Daktari alinionyesha mapafu: makubwa, mazito kama ini, yamejaa povu. Alikuwa anapanda mteremko na hayo. Kaka alichimba shimo refu kwa jembe la Baba, lake akaliacha konani, akakataa kusaidiwa. Baba alitaka apelekwe pale, akatupa juu ya udongo gome moja la mti, kama yale aliyokuwa akimlisha.

16 Aprili

Mvua. Baba kanywa chai yangu.

20 Aprili

Majirani wameacha kuchanganya kondoo wao na wetu kwenye maji. Wana haki. Mmoja alinipigia mluzi wa kejeli njiani. Jana huyohuyo nimemwona juu ya pipa, na msumeno.

Leo Baba alitaka kuingizwa bandani. Tumembeba na kiti chake, mimi na Kaka. Aliinama mbele hadi tukaogopa ataanguka. Ananusa. Kisha akanyanyua uso polepole kwenye uwazi niliokata, akaufuata kwa jicho kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umekata vibaya," alisema.

Akadai penseli. Kaka alishika ubao, Baba akapiga mstari kwa mkono ule mmoja, unatetemeka, na mstari umenyooka kama maji kwenye beseni. Kaka ndiye aliyekata. Mimi nilishika pipa.

3 Mei

Daktari amekuja na mashine ya kutazama kifua. Binti mmoja wa Bi Mkubwa ana doa. Tumekubaliana achinjwe. Mwingine ni safi, lakini atatazamwa tena na tena. Daktari kasema vita hii ni ya miaka. Nimemwambia nina miaka.

9 Mei

Jua. Udongo unatoa mvuke.

Kaka amekuja kuchukua jembe lake pale konani. Alilitazama, halina udongo mpya, utando wa buibui umejishona kutoka mpini hadi ukutani. Aliuondoa kwa kidole, kwa uangalifu, akamkabidhi Wifi jembe akapande maharage.

Asubuhi nilichelewa kuamka, nikawafungulia bila kutangulia. Walinipita mlangoni, wadogo wote wa mwaka huu, wakapanda mteremko kwa makelele na mateke. Nilipiga kelele wanisubiri, Baba barazani akanicheka kwa nusu ya mdomo. Nilipofika juu, nimeshika kiuno, pua zimenitanuka, wote walikuwa wameshaanza kula. Leo aliyefika mwisho ni mimi.